Mkanda wa Tano

Kila nikitoka shule nilipitia jumba la sinema la katikati ya mji, kazini kwa shangazi yangu. Nilipanda ngazi za mbao hadi chumba cha mashine, nikatazama vumbi likielea ndani ya mwanga, nikasahau hata njaa.

"Zamani watu walipigana vikumbo pale mlangoni," shangazi alipenda kunisimulia. "Kisha kila nyumba ikapata televisheni. Ukumbi ukageuzwa bohari ya magodoro, nami nikawa muuza magodoro. Mimi, mwonyesha sinema!"

Sasa mwenye jumba alikuwa ameyaondoa magodoro na kumpa shangazi nafasi moja tu: onyesho la Jumamosi mchana. Watu wakifurahi, sinema itaendelea. Wakizomea, basi tena.

Kazi yangu ilikuwa kukunja mikanda upya. Mkanda ukishaonyeshwa, mwisho wake hukaa juu. Usipoukunja, watu kwenye picha hutembea kinyumenyume, vichwa chini. Ijumaa, baada ya majaribio, nilikunja minne kati ya mitano, nikashuka ukumbini nipumzike kidogo. Wee! Nilisinzia, nikaota napaa juu ya viti vyekundu, taratibu, kama unyoya.

Shangazi aliniamsha. "Umemaliza yote, mwanangu?"

"Yote, shangazi."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walicheka, wakalia, na mimi nikawa nahesabu mikanda tu. Mkanda wa nne ulipokaribia kwisha, nilijikaza kisabuni nikapanda ngazi.

"Shangazi, wa tano sikuukunja. Nilikudanganya."

Alinikodolea macho. "Kunja sasa hivi. Mimi nakwenda kuwaambia watu."

Taa ziliwaka. Nilimsikia akisema kosa ni letu, wangoje dakika kumi. Wengine walipiga miluzi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kama tunalala hapa, rudisheni magodoro!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hakuna aliyeondoka. Nilikunja mpaka mkono ukafa ganzi.

Picha ilipokwisha, walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mwenye jumba alipanda juu. "Nani alituchelewesha?"

"Mimi," nikasema, machozi yakinilengalenga.

Aligeuka kushuka ngazi. "Jumamosi ijayo usichelewe."

Jumamosi ijayo! Nilimrukia shangazi, lakini hakucheka.

"Usingizi ningekusamehe jana ileile," alisema, "na mkanda tungeukunja pamoja. Uongo wako ndio uliowaweka watu wote hawa wakingoja. Ukikosea, niambie mapema, kabla ukumbi haujajaa."