Kereng'ende wa Bwawa la Kitaya

Somoe alitua uani ndoo ya maji kutoka bwawani. Alipotaka kuchota, akapiga yowe.

"Baba Mwanahawa! Njoo! Kuna dude majini!"

Hassani, mumewe, alikimbia kutoka shamba la mihogo. Ndani ya ndoo mlikuwa na mdudu wa kahawia, mwenye macho makubwa.

"Kumbe huyu ndiye anayempa mtoto homa!" alisema Hassani.

Binti yao, Mwanahawa, alikuwa amelala ndani akitetemeka. Hassani alichukua sumu ya wadudu wa shambani, akaelekea bwawani. Kijiji kizima cha Kitaya kilichota maji hapo.

Njiani alikutana na Mama Rozalia, muuguzi, akija kumwona mgonjwa.

"Hiyo sumu unapeleka wapi?"

"Naimwaga bwawani, niue wadudu."

Rozalia alimshika mkono. "Hassani! Utatuua sote!"

Hassani aliishusha sumu chini. Hakuwa amewaza hilo.

Walirudi nyumbani. Rozalia alimpa Mwanahawa vidonge vya kutibu malaria. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo walipochimba udongo wa kukandika kuta. Lilijaa maji ya mvua. Akachota viluwiluwi, watoto wa mbu, akawatia ndooni. Ghafla yule mdudu akachomoa taya, akanasa mmoja, akatafuna.

"Lahaula!" Somoe alijishika kichwa.

"Huyu ni mtoto wa kereng'ende," alisema Rozalia. "Anakula watoto wa mbu. Malaria inaletwa na mbu, na mbu mnawafuga shimoni."

"Kereng'ende yupi? Mwekundu au wa manjano, wale wanaoruka bwawani?" aliuliza Somoe.

"Hao ni spishi moja, yaani aina moja. Mwekundu ni dume, wa manjano ni jike."

"Mke na mume? Mimi nilidhani hata hawajuani!"

"Rangi inadanganya. Wapo wekundu wengine, lakini ni spishi nyingine. Wataalamu hutazama pia umbo na mishipa ya mabawa. Spishi zinazokaribiana huziweka katika jenasi moja, kama ndugu wa ukoo mmoja."

Siku ile ile Hassani na Somoe walifukia shimo. Wakanunua chandarua, wakaanza kuchemsha maji ya kunywa. Mwanahawa alipona. Masika yaliyofuata hakuugua homa.

Lakini Hassani, kila akiona akina mama wakijaza ndoo bwawani, huikumbuka ile sumu.

"Ningewaua kwa mkono wangu," humwambia mkewe, "na ningerudi nyumbani nimefurahi."