Shati la Kaka Khun-gi

Jumanne ile Tsai Bun-liong alikata tiketi ya kuingia manowari ya zamani kama mtalii mwingine yeyote. Kwenye mfuko wa plastiki alibeba shati jeupe la kaka yake, Tsai Khun-gi, aliyeungua na wenzake kwenye chumba cha mvuke cha manowari ile mwaka wa sabini na moja, akazikwa baharini. Sasa manowari ilikuwa makumbusho, na sitahani waliuza aiskrimu.

Mama yao, mwenye miaka tisini na nne, alikuwa kitandani nyumbani huko Lotung, amekataa kufa.

"Mlete kaka yako kwanza," alikuwa amemwambia. "Shika shati, roho yake italifuata; mwite jina lake lote. Kila mlango, kila ngazi, kila daraja, mwarifu, asipotee. Wala usigeuke nyuma."

Mlinzi wa melini, mwanamke mnene mwenye kidude cha kuhesabia wageni, alimtazama tumbo. "Babu, milango ya humu ni myembamba. Ukikwama tunakuweka kwenye maonyesho."

Chini, penye matangi ya mvuke, Bun-liong alilitoa shati. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakipigana picha. Akaona haya. Basi akanong'ona tu, "Kaka, twende nyumbani."

Jina hakulitaja.

Shati likawa zito mkononi. Machozi yakamtoka.

"Kizingiti, kaka," alisema. "Ngazi. Inamisha kichwa."

Wanafunzi walikuwa wameshatoka. Hata hivyo ngazi ya chuma ililia nyuma yake. Ikalia tena. Ikaendelea kulia hata alipofika juu.

Mlinzi alibonyeza kidude chake, macho yakiwa kwenye simu. Bun-liong alishuka melini, akatembea hatua kumi. Bado alimsikia mlinzi akibonyeza.

"Kumbe mlikuwa wengi, babu."

Gari lake lilipanda mlima kwa shida, kama limejaa. Vioo vikaingia ukungu kwa ndani. Alikuwa peke yake.

"Daraja, kaka."

Nyumbani, mama alikuwa ameketishwa, bakuli la wali mbele yake. Alirusha vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo.

"Khun-gi, umefika?"

Vyote kifudifudi. Mara tatu.

Akaviokota. Kisha akauliza polepole, "Kuna aliyefika?"

Kimoja chali. Kimoja kifudifudi.

"Ulimwitaje?"

Bun-liong alimwambia.

Mama aliutazama mlango kwa muda mrefu. "Mle ndani," alinong'ona, "kila mmoja ni kaka wa mtu."

Aliagiza mabakuli zaidi. Ijumaa alifariki, bila mwanawe Khun-gi kurudi.

Koti alilovaa Bun-liong siku ile lipo kabatini hadi leo. Begani, kwa nyuma, pana alama ya kiganja cha mafuta meusi, kama ya mtu aliyemshikilia njia nzima asipotee gizani. Limefuliwa mara tatu, alama haitoki. Ni mkono wa kushoto, usio na kidole gumba.

Khun-gi alikuwa na vidole vyote.