Mwili wa Nathalie, Sura za Wengine

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa moja na robo jioni, Appolinaire aliteremka kwenye pikipiki pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akaelekea studio yake na bahasha kwapani. Alikuwa ametoka Mbarara kusafisha picha. Jua lilikuwa limezama, na moshi wa majiko umelala chini juu ya mabati. Hakuna aliyemngoja nyumbani, kwa hiyo hakuharakisha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha moja tu. Ya marehemu mama yake mzee Anatole, mteja wake.

Ni vizuri tuijue kazi ya mtu huyu kwanza. Watu waliokimbia vita Kivu ya Kusini walifika na vitu vichache. Mwingine alibaki na kitambulisho cha mama yake, kile chenye picha ndogo ya uso, basi. Alikipeleka kwa Appolinaire, naye akautoa ule uso kwa kompyuta, akaupandisha juu ya mwili wa mtu aliyesimama vizuri, aliyevaa vizuri. Mtoto akapata mama mzima wa kutundika ukutani.

Na ule mwili ulikuwa mmoja siku zote. Wa mkewe, Nathalie. Alimpiga picha moja mbele ya pazia la bluu, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Kisha akakikata kichwa kwenye picha ile, bila kuweka nakala, ili mwili ukae tayari kwa kazi.

"Bamama ya batu nabo bapate fasi ya kusimama," Nathalie alisema kwa Kiswahili cha kwao Kivu, akicheka. Kupigwa picha nyingine alikataa. "Ya nini? Si unaniona kila siku?"

Malaria ilimchukua mwezi wa tatu mwaka huo. Kwa kawaida yao, mbele ya jeneza hutangulia msalaba na picha ya marehemu. Siku ile ulitangulia msalaba peke yake. Mke wa mpiga picha alizikwa bila picha. Watu waliona. Hata ile picha yake ndogo kwenye karatasi ya familia ya wakimbizi, mvua ilikuwa imeifuta zamani. Tangu mazishi, kila alipofumba macho kumtafuta mkewe, Appolinaire aliona kitenge, aliona mikono... na juu ya shingo hakuona kitu. Kila usiku alimwomba Mungu jambo moja tu: auone tena uso ule.

Mchana wa Jumanne hiyo, kabla hajarudi, Natukunda, msichana wa duka la picha Mbarara, aliitazama picha ikitoka mashineni, akaanza kucheka.

"Mzee, huyu mama yako iko na sura ngapi? Kila mwezi mimi nasafisha yeye. Kitenge ni ile ile. Mikono ni ile ile. Sura, mpya!"

Appolinaire hakucheka. Aliitia picha kwenye bahasha, akapanda pikipiki.

Sasa, jioni, alikuwa mlangoni pa studio, akitafuta ufunguo. Ndipo aliposikia harufu.

Majani ya mikaratusi yanayoungua.

Nathalie aliyachoma kila jioni kufukuza mbu. Appolinaire hakuwa ameyagusa tangu afiwe.

Kwenye kona ya ukuta alisimama mwanamke. Kitenge cha kijani. Ndege wa njano. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto.

"Karibu, mama," Appolinaire alisema polepole. "Tumefunga, lakini..."

Akawasha tochi ya simu.

Shavuni mwa yule mwanamke palikuwa na nusu duara ya wino wa zambarau. Muhuri. Ule ule wa kitambulisho cha mama yake Anatole, ambao alihangaika kuufuta kwenye kompyuta, ukakataa kuisha.

Midomo haikufunguka. Lakini sauti ilitoka.

"Apo..."

Duniani mtu mmoja tu alimwita hivyo.

"Apo, nilibapa mwili. Sura hapana. Sura yangu iko wapi?"

"Nathalie?"

"Siwezi kuenda hivi. Kule banaangalia sura. Kesho nitarudia kuichukua."

Tochi ikazimika. Alipoiwasha tena, palikuwa na ukuta tu... na harufu.

Aliomba mpaka majogoo wakawika. Asubuhi alimpelekea Anatole picha yake, hakumwambia kitu, kisha akamwita Miriamu. Huyu alikuwa jirani, fundi cherehani, mwanafunzi wake katika darasa la kuchora la Jumamosi, na alikuwa ameimba kwaya moja na Nathalie. Appolinaire alimweleza yote. Miriamu aliketi chini taratibu.

"Mwalimu, si wewe unatufundisha sura? Umuchore."

Appolinaire alichukua karatasi na mkaa. Akaanza kama anavyofundisha: yai, mstari wa katikati, macho juu ya mstari. Ikatoka sura. Ilikuwa ya mama yake Anatole. Akaanza upya. Ikatoka ya mwanamke wa Fizi ambaye picha yake aliitengeneza mwaka uliopita. Mpaka alasiri sakafu ilikuwa imejaa wanawake waliokufa, na Nathalie hakuwemo.

"Unachora na macho," Miriamu alisema. "Macho yako yameshazoea bale bengine. Wakati wa homa, nani alimupanguza jasho?"

"Mimi. Kwa kitambaa cha maji."

"Basi funga macho. Panguza."

Akafumba. Mkono ukaifuata njia ya kile kitambaa. Ukapita paji pana la uso. Ukashuka mpaka nyusi ya kushoto, kwenye kovu dogo la mfuniko wa sufuria. Ukazunguka shavu. Ukafika kwenye ile kona ya mdomo iliyokuwa ikianza kucheka kabla ya mwenzake.

Miriamu alijishika kifua. "Yesu wangu. Ni yeye. Hata kovu!"

Appolinaire akafumbua macho. Nathalie alikuwa akimtazama. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Miriamu alipoondoka, jua lilikuwa linashuka. Appolinaire alichukua kamera. Picha moja tu ya ule mchoro, na angekuwa na mkewe maisha yote. Angemtia fremu. Asingekaa peke yake tena jioni. Akaiweka kamera jichoni... na mle ndani akamwona mkewe amekuwa mdogo, ndani ya pembe nne, kichwa bila mwili. Kama alivyozoea kuwaona wale wengine kabla ya kuwakata.

Akaishusha.

"Hapana," alinong'ona. "Sitakukata tena."

Giza lilipoingia aliilaza ile karatasi nje, kizingitini. Akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

Harufu ikaja.

Karatasi ikachakarika. Halafu pumzi moja, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Aksanti, Apo."

Nyayo zikaondoka taratibu, upande wa ziwani, mpaka zikaisha.

Asubuhi karatasi ilikuwa pale pale. Nyeupe. Hapakuwa na mstari, wala vumbi la mkaa. Appolinaire akafumba macho kuutafuta ule uso.

Hapakuwa na kitu.

Alikimbia kwa Miriamu. "Lile kovu la Nathalie lilikuwa upande gani?"

Miriamu aliacha cherehani. 

"Kovu gani, mwalimu?"

Kabla ya adhuhuri Anatole aliingia studio na fremu yake, amekasirika.

"Weye mwalimu, ni muchezo gani huu? Jana ulinipa mama muzima. Leo nimeamuka na kichwa tu!"

Ilikuwa kweli. Pazia la bluu lilishuka mpaka chini. Katikati yake kichwa cha mama yake kilining'inia peke yake, na muhuri shavuni. Kitenge hakipo. Mikono haipo. Nyuma ya Anatole akaja mwingine na fremu yake, na mwingine tena. Wengine waliguna, wengine waliomba sala mlangoni wasithubutu kuingia. Wote waliziacha picha pale, hawakutaka kurudi nazo nyumbani. Mpaka jioni ukuta mzima uliegemewa na vichwa.

Jua likazama.

Mlango ukagongwa. Kisha dirisha. Kisha bati la nyuma.

Safari hii hapakuwa na harufu ya mikaratusi. Palikuwa na harufu ya udongo uliolowa.

"Mwalimu..." Sauti zilikuwa nyingi, za chini, za wanawake watu wazima. "Mwalimu... sasa tutasimama na nini?"

Appolinaire hakufungua. Alipiga magoti katikati ya zile fremu, akamgusa kila mmoja, akamtaja kwa jina lake. Kisha akainua sauti ili na wa nje wasikie:

"Bwana Mungu, hawa ni mama zetu. Walikufa njiani, na wengi hawakupata hata kaburi. Niliwavika mwili usiokuwa wao, kwa kuwahurumia, na sasa mwenyewe ameuchukua, sina mwingine wa kuwapa. Wewe ndiye uliyeahidi miili siku ya mwisho. Wavike wewe, Baba, wapate kupumzika. Na umpokee mke wangu Nathalie. Uso wake mimi siujui tena. Wewe unaujua. Amina."