Mafunzo ya Madiwani na Mazishi ya Packie Lavelle

Kila asubuhi kabla ya shule, Dervla Tuohy alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwasha jiko kwa vipande vya mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa na kukaushwa mpaka uweze kuwaka kama kuni. Ya pili ilikuwa kufunga mdomo wakati redio inasoma matangazo ya vifo. Hiyo ya pili ndiyo iliyomshinda zaidi, maana Dervla alizaliwa na mdomo.

Lakini katika mji wa Ballycorra hakuna anayeongea wakati wa matangazo ya vifo. Mama yake, Gráinne, alikuwa anasimama karibu na redio, kikombe cha chai mkononi, akisikiliza nani kafa, misa ni saa ngapi na maziko ni wapi. Gráinne alikuwa diwani. Diwani wa Ballycorra anaweza kukosa mkutano na akasamehewa, lakini akikosa mazishi, watu watamkumbuka siku ya kupiga kura.

Jumanne ile mtangazaji alisema kwa sauti ya taratibu, "Packie Lavelle, wa Mtaa wa Daraja, Ballycorra. Misa ni Alhamisi saa tano."

"Masikini Packie!" Mama akaweka kikombe chini, akajipiga ishara ya msalaba.

Dervla naye aliumia. Packie ndiye aliyefundisha mpira watoto wa mji mzima, na wazazi wao kabla yao. Alikuwa akimfokea Dervla golini mpaka masikio yanawaka, kisha anamtupia chungwa na kumwambia kesho awahi. Machozi yalianza kumlenga. Hapo ndipo alipokumbuka jambo jingine.

"Mama! Alhamisi saa tano si ndiyo mafunzo yenu?"

Mama akatazama dirishani. "Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa nini, Dervla? Nisipoonekana kwa Packie, nitaonekana wapi? Na wenzangu hivyo hivyo. Mafunzo yataahirishwa."

"Tena? Yameshaahirishwa mara mbili! Ya kwanza kwa mazishi ya mwenye duka la dawa, ya pili kwa mazishi ya dada wa padri!"

"Watu wanakufa, mwanangu. Hawasubiri ratiba yetu."

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya mabadiliko ya tabianchi, kwa madiwani na wakuu wote wa idara za halmashauri. Na Jumatatu inayofuata madiwani walikuwa wapige kura kuhusu kinamasi cha mlimani, juu ya mji. Zamani watu walichimba mitaro pale ili kukausha mboji. Upande ule hakuna aliyekata mboji tangu enzi za mababu, lakini mitaro ilibaki wazi, na maji yote ya mlima yalishuka nayo moja kwa moja hadi Mtaa wa Daraja. Mvua nazo zilikuwa zimebadilika. Zile za zamani zilinyesha kidogo kidogo wiki nzima. Siku hizi zilimwagika zote kwa mchana mmoja.

Dervla aliishi Mtaa wa Daraja. Majira ya baridi yaliyopita maji yalipanda hadi kipandio cha tatu cha ngazi za ndani ya nyumba yao, na kampuni ya bima ikasema haitaki kusikia habari zao tena. Hoja ilikuwa kuziba ile mitaro ili kinamasi kishike maji. Madiwani wengi walikuwa hawaelewi mitaro inahusiana vipi na mabadiliko ya tabianchi, na diwani asiyeelewa jambo hulipigia kura ya hapana. Kwa hiyo Dervla alijua vizuri: mafunzo yakikosekana, hoja itakufa, na maji yatarudi.

Darasa lao lilikuwa limealikwa kuonyesha jaribio siku ya mafunzo. Walikuwa na mabeseni mawili ya plastiki. Moja lilikuwa na kipande cha kinamasi kilicho hai, kilichofunikwa na majani laini yanayofyonza maji kama sponji. La pili lilikuwa na mboji iliyokaushwa, yenye mtaro katikati. Kila beseni liliinamishwa, na upande wake wa chini walijenga mtaa wa nyumba za maboksi ya kiberiti.

"Kazi yote bure," Dervla alisema siku ile wakati wa mapumziko.

Rafiki yake Fidelma akasogea karibu. "Simu ya mama yako si ina namba za madiwani wote? Watumie ujumbe kuwa misa imesogezwa hadi saa nane. Watakuja kwenye mafunzo kwanza. Wakigundua, wameshakaa."

"Huo ni uongo, Fidelma."

"Ni uongo wa faida. Unataka kuogelea sebuleni tena?"

Dervla hakutaka kuogelea sebuleni. Jioni ile, mama alipokuwa bafuni, alichukua simu mezani akaandika: *Misa ya Packie imesogezwa hadi saa nane. Gráinne.* Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Ndipo alipomwona kwa mawazo Bi Concepta, mjane wa Packie, ameketi kanisani mbele ya jeneza, na nyuma yake viti vitupu. Aibu ilimpanda mpaka shingoni. Akaufuta ujumbe herufi kwa herufi, akairudisha simu mahali pake. Lakini hakuacha kuwaza. Kama uongo haufai, basi lazima kuwe na njia ya wazi, na ataitafuta mpaka aipate.

Kesho yake alasiri alifuatana na mama kwenye nyumba ya msiba. Foleni ilianzia bustanini. Wanawake walipita na chai na mikate yenye nyama, wanaume wakizungumza juu ya mechi za zamani. Mwili wa Packie ulikuwa umelazwa sebuleni katika jeneza lililo wazi, skafu ya timu shingoni, na Bi Concepta ameketi kando yake akipokea mikono ya pole.

"Pole kwa msiba, bibi," alisema Dervla.

"Ahsante. Wewe si yule golikipa mwenye mdomo?"

"Ndimi, bibi. Na leo nimekuja na mdomo huo huo."

"Dervla!" mama akamfinya. "Adabu!"

"Mwache, Gráinne. Sema, mwanangu."

Dervla akasogea hatua moja. "Kesho baada ya maziko, watu watakula wapi?"

"Hotelini. Supu na mikate, kama kawaida."

"Naomba wale katika ukumbi wa halmashauri, bibi." Akaeleza yote bila kupumua: mafunzo, kura, mitaro, mtaa wao. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kuwadanganya madiwani kuwa misa imesogezwa. Nimeufuta. Nikaona bora nije nikuombe."

Mama alikuwa mwekundu kama nyanya.

"Ungeniachia kanisa tupu?" aliuliza Bi Concepta.

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana niliufuta."

Bibi akainyoosha skafu ya mume wake. "Siku ya mafuriko walitushusha dirishani kwa mashua, mimi na Packie. Tangu siku ile kifua chake hakikupona." Akamgeukia Dervla. "Diwani Mossie Grealish, yule anayesema mvua ni mvua tu. Anapenda supu?"

"Kila mtu anapenda supu, bibi."

"Basi ataipata ukumbini."

Walipotoka nje, Dervla alitarajia kugombezwa njia nzima. Badala yake mama alisimama barabarani, akatoa simu, akampigia mkufunzi, Bi Nessa Coyle, kumwomba asogeze mafunzo hadi mchana. Alipomaliza alikuwa anacheka. "Anasema viti vitupu amevizoea, ila supu hajawahi kupewa. Kesho mabeseni yenu yawe tayari."

Alhamisi kanisa lilijaa hadi nje. Mwisho wa misa padri akatangaza kuwa familia inawaalika wote ukumbini baada ya maziko, na kwamba Bi Concepta anawaomba madiwani na wakuu wa idara wakae hadi mafunzo yaishe.

"Mimi nitasalimia tu niondoke," Mossie Grealish alimnong'oneza jirani yake.

Hakuondoka. Bi Concepta alikaa kiti cha mbele kabisa, koti jeusi limefungwa vifungo vyote, bakuli la supu mapajani. Ballycorra hakuna anayetoka kabla ya mjane kuinuka. Mara mbili Mossie alijiinua nusu, mara mbili bibi akageuza kichwa, na Mossie akakaa. Mkurugenzi wa barabara, aliyecheza chini ya Packie utotoni, hata hakujaribu.

Dervla na Fidelma wakamwaga maji kwa mabirika mawili. Kwenye beseni la mtaro, maji yalishuka kwa kasi, nyumba za kiberiti zikasombwa zote. Kwenye lile jingine yalidondoka polepole, nyumba zikabaki zimesimama.

"Hilo ni beseni, binti," alisema Mossie. "Mlima si beseni, na mvua haitoki kwenye birika."

Watu wachache wakacheka. Dervla akaweka birika chini. "Ni kweli, bwana diwani. Beseni langu haliwezi kujibu kila kitu, na mimi pia siwezi. Kwa hiyo naomba usipige kura kwa sababu ya beseni. Naomba umsikilize Bi Coyle mpaka mwisho, halafu umuulize maswali yako yote."

"Hilo nitafanya," alijibu Mossie, na sasa hakuna aliyecheka.

Akafanya kweli. Aliuliza kwa nini mvua zimekuwa nzito, joto linafanya nini baharini, na mboji ikikauka inatoa nini hewani. Aliuliza kama wanaokata mboji upande wa pili wa mlima watanyang'anywa viwanja vyao. Bi Coyle akajibu, na pale asipojua akasema hajui. Mkurugenzi wa barabara akakiri kuwa kila mwaka idara yake inajaza mifuko ya mchanga kwenye daraja bila kutazama mlimani. Supu ilipoa, watu bado wanaulizana.

Jumatatu hoja ilipita. Mossie aliunga mkono, kwa sharti kwamba wakataji wa upande wa pili wasiguswe. Kabla ya majira ya baridi mashine zilikuwa mlimani zikiziba mitaro, na kinamasi kikaanza kulowa tena.

Siku moja Dervla alimpelekea Bi Concepta masufuria yake yaliyokuwa yamebaki ukumbini. Bibi akamkaribisha jikoni.

"Nimeufikiria ule ujumbe wako," alisema. "Ungewafikisha vitini, hilo sina shaka. Lakini wangekaa pale wakimtafuta aliyewadanganya, wala wasingesikia neno la mkufunzi. Ukitaka watu wakuamini kwa jambo kubwa kama mvua na maji, usianze kwa kuwadanganya saa ya misa. Ulikuja mbele yangu, na mume wangu amelala pale, ukaomba kwa ukweli. Hiyo ilikuwa kazi ngumu, mwanangu. Usiache kuifanya."

"Ndiyo, bibi," alisema Dervla, akaanza kumpangia masufuria rafuni.