Abiria wa Deusdedit

Kwanza vilikuwa vikanyagio vya abiria. Deusdedit alivikunja kila jioni alipoegesha pikipiki kwenye baraza la nyumba yake pale Nyahanga, na kila asubuhi alivikuta vimefunguliwa, vyote viwili. Alidhani springi zimelegea. Yeye ni fundi wa pampu na kompresa za wachimbaji wadogo, vyuma havimsumbui. Akabadilisha springi. Kesho yake vilikuwa vimefunguliwa tena.

Pikipiki yenyewe haikuwa ya kubebea mkaa. Ilikuwa dude jekundu lenye injini ya cc elfu moja na mia tatu, lenye kioo cha kukata upepo na masanduku mawili ubavuni, la mtu anayevuka nchi kwa siku moja. Ilikunywa petroli kama lori, tairi zake ziliagizwa Mwanza, na kila aliposimama Kagongwa kunywa soda watu waliizunguka. Aliipenda. Jumapili aliiosha kabla ya kuoga mwenyewe.

Alipewa na Athanas, mnunuzi wa dhahabu wa Geita. Ujanani walichimba duara moja, shimo la dhahabu, na siku kuta za duara lile zilipoporomoka, Athanas ndiye aliyerudi ndani na kamba kumtoa. Ndiye aliyemsimamia harusi. Mwaka jana mwezi wa sita, Lusia, mke wa Athanas, alifariki kwa ugonjwa ambao haukupata jina, na Deusdedit alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kwa hiyo mwezi wa nane Athanas alipomkabidhi funguo, akasema pikipiki ile inamkumbusha marehemu na hawezi tena kuitazama, Deusdedit hakuuliza kitu. Athanas alimwomba aseme kwa mdomo wake kwamba ni yake. Akasema. Wakakumbatiana.

Baada ya vikanyagio ukaja uzito. Akienda Kakola peke yake, shokapu za nyuma zilizama, na kwenye kona chombo kililala kama kimebeba wawili. Kisha ikaja harufu, udongo mbichi wa shimoni uliochanganyika na udi, ikimfikia shingoni hata anapokimbia dhidi ya upepo. Siku moja Mama Abel, muuza soda wa Kagongwa, alimletea chupa mbili bila kuagizwa. Alipomuuliza ya pili ni ya nani, mama yule akatazama huku na huku, akasema alidhani ni ya yule mama aliyeshuka naye.

Maneno ya namna hiyo hayakai Kagongwa. Yalimfikia Mbuke, mkewe, akiwa anachambua mchele. Hakupiga kelele.

"Baba Wiliam, huyo mwanamke wa kitenge cheusi ni nani?"

Deusdedit aliapa kwa kila alichokijua. Mbuke alimsikiliza mpaka mwisho, akabeba shuka lake akahamia chumba cha mtoto. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na sasa mkewe alimpa chakula kama anavyopewa mpangaji.

Jumapili iliyofuata alimwomba wapande wote kwenda kanisani, barabara nzima imwone na mke wake. Mbuke alikubali shingo upande. Walipoingia kwenye lami na pikipiki ikaanza kuvuta, alinyoosha mikono amshike mumewe kiunoni, na mikono yake ikakuta kiuno chembamba, chenye baridi ya maji ya kisimani, na mgongo uliokuwa mbele ya kifua chake haukuwa wa mumewe kwa sababu mumewe alikuwa mbele zaidi, akiendesha, akiimba wimbo wa kwaya bila kujua kitu, na yule aliyekaa katikati yao akageuza kichwa taratibu, akageuza kuliko shingo ya mtu inavyoweza kugeuka, akaweka vidole vyake kooni mwa Mbuke na kumnong'oneza, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa nyumbani kwake, "Hapa pana mwenyewe."

Walifika kanisani Mbuke akiwa na alama tano shingoni. Jumanne sauti yake ilikatika kabisa. Charles, mdogo wake anayefanya udereva Geita, alikuja kumuuguza, akakuta dada yake hawezi kumeza hata uji.

Mama Sesilia wa Mhunze, anayetibu watu wenye mashetani, aliletwa na teksi. Aliweka kiganja kwenye siti ya nyuma, akakitoa haraka. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza nani aliwapa. Akaeleza kwamba yule ni jini bibi harusi, hapatani na mke mwingine, ametolewa kwa mdomo na ataondoka kwa mdomo wa yule yule aliyemtoa. Wakiichoma pikipiki atabaki ndani ya nyumba.

Deusdedit alimpigia Athanas simu, naye akaja Alhamisi mchana. Charles alikuwa ameenda duka la dawa. Athanas alimwona Mbuke kitandani, akapiga magoti sakafuni na kusema yote. Alikwenda kwa mganga kutafuta dhahabu, akaozeshwa jini huyo, na pikipiki ikawa kiti chake. Dhahabu ilikuja, na mwaka huo huo Lusia akaanza kukohoa. Alijua kilichomuua mkewe. Alijua hata siku ya mazishi.

Deusdedit alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Ulijua nina mke. Kwa nini mimi?"

"Wengine wote wangeuliza kwa nini naigawa," Athanas alisema. "Wewe nilijua hutauliza."

Mama Sesilia alimshika Athanas mkono akamtoa nje. Mbele ya pikipiki Athanas alisema ni yake, amempokea tena yule jini, mkewe. Kabla hajaondoka nayo alimsihi Deusdedit asimwambie mtu, kwa ajili ya kamba ile ya duarani. Deusdedit aliinamisha kichwa kukubali. Muungurumo ulipopotea barabara ya Geita, Mbuke aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Walimwambia Charles ni uvimbe wa koo, umepona. Mbuke alirudi chumbani kwao. Deusdedit alikaa siku nyingi kama mtu aliyefiwa na ndugu ambaye watu hawampi pole.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi saa tisa alasiri, walisikia injini getini. Charles, akiwa juu ya lile dude jekundu, alivua helmeti akicheka.

"Shikamoo dada. Shikamoo shemeji. Yule rafiki yako Athanas kanipa, amesema yeye haiwezi tena. Nimeshaipokea." Akageuka nyuma kidogo. "Mkaribisheni Dorah ndani. Amechoka, tangu Geita hajanena neno."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mbuke alimshika mumewe mkono. Simu ya Mbuke ikaita, jina la Dorah, mke wa Charles. Akaipokea bila kuondoa macho kwenye ile siti.

"Wifi, Charles amefika kwenu?" Dorah aliuliza, sauti imejaa kilio. "Nilimwambia anisubiri nifunge mlango. Natoka nje, namwona anaondoka na mwanamke."