Nyuzi Nene za Arlène

Jumamosi, kama kawaida, Arlène alifagia chumba kimyakimya. Baba yake, Gustave, alikuwa amerudi kutoka lindoni asubuhi hiyo, akajitupa kitandani na sare yake ya ulinzi. Katika nyumba ile ya mtaa wa Bellevue, iliyojaa wapangaji kila chumba, usingizi wa mchana ulikuwa wa kubahatisha. Arlène, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amechoka kumwona baba yake amechoka.

Kabla ya kufumba macho, baba alimwagiza binti yake, "Mama, nenda dukani Kensington, uninunulie nyuzi za mandolini. Chukua nyepesi. Kesho napiga kanisani."

Mandolini hiyo, ala ndogo kama gitaa, ilikuwa ya babu, imetoka naye Bukavu. Dukani, Arlène alizitazama nyuzi nyepesi, akaziona nyembamba mno. Hizi zitakatika mara moja, aliwaza, na Papa atahangaika tena. Akachukua nene.

Nyumbani alizifunga zote nane mwenyewe, akazikaza. Alitaka baba akiamka akute kazi imekwisha. Ghafla ubao wa mandolini ukalia kwaa! Akainama kutazama. Chini ya nyuzi, uso wa mandolini ulikuwa umeanza kubonyea.

Angeweza kuifunika na kunyamaza. Nani amwamshe mtu aliyekesha kazini, tena kwa habari kama hiyo? Alisimama kando ya kitanda, akamhurumia, akaona aibu. Kisha akamgusa bega.

"Papa, amka. Pardon, nisamehe. Nimeweka nyuzi nene. Mandolini inabonyea."

Gustave aliinuka, macho mekundu. Alilegeza nyuzi zote, moja baada ya nyingine, akapapasa ubao kwa kidole. Haukuwa na ufa.

"Eish, nilidhani nene ndizo zenye nguvu," Arlène alisema.

"Ndiyo, zina nguvu, na nguvu hiyo inavuta ubao. Mandolini hii imezeeka kuliko mimi. Nyembamba haziivuti sana."

Wakaenda Kensington pamoja, wakarudi na nyuzi nyepesi, wakazifunga taratibu. Uso wa mandolini ukatulia. Lakini saa ya kwenda kazini ilikuwa imefika, na Gustave alikuwa hajalala. Arlène akaanza kulia.

"Papa, nimekuharibia usingizi."

"Usingizi nitaupata siku nyingine," baba alisema, akifunga kamba za buti. "Ungenyamaza mpaka kesho, ubao ungepasuka, na mandolini ya babu hatuna nyingine. Ukikosea, niambie mapema. Hata kama nimechoka, Arlène, niamshe."