Bwana wa Sandukuni

"Ingia sandukuni, Leonardi."

"Bwana Mwinjuma, humo mna panya."

"Panya watakupisha. Ingia!"

Leonardi akaingia. Lilikuwa sanduku la mbao lililoleta cherehani kutoka Mbeya, nalo lilisimama kwenye baraza ya duka la Mwinjuma pale Sumbawanga, limefunikwa kitambaa cha maua. Juu yake ilikaa redio, pekee iliyokuwa ikifunguliwa hadharani mjini miaka ile ya Mwingereza. Tangu Jumatatu redio hiyo ilikuwa maiti. Betri ilikwisha, na lori lenye betri mpya lilikuwa limezama kwenye tope la masika njia ya Tunduma.

Nje ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio, na watu wamejaa wakingoja Dar es Salaam iseme. Ndani ya duka redio nyingine sita zilingoja wanunuzi.

"Wakijua redio hufa, nitamuuzia nani?" Mwinjuma alinong'ona, akimsukumia pembe ya gramafoni. "Semea humu. Sauti itabadilika."

"Niseme nini?"

"Sema unachojua."

Mbeba magunia anajua nini? Siasa hakuzijua. Alizijua karabai, cherehani na dinamo za baiskeli, maana alizibeba mgongoni kila siku. Basi akakohoa, akaanza:

"Hapa ni Dar es Salaam. Leo tunawaletea habari za mitambo. Ulaya imetoka mashine ya kusaga ulezi. Inasaga yenyewe, mama amekaa. Na mtoto akilia, mashine hiyohiyo inambeba mgongoni!"

Gulio zima likasema lo! Wazee wakavua kofia. Mbele kabisa alisimama Zita binti Polikarp, mwenye ungo wa ulezi kichwani, akicheka mpaka machozi. Zita alikuwa wa Mwazye, ila aliishi mjini kwa shangazi yake Agnesi. Na alikuwa mchumba wa Leonardi.

Jioni mchumba alipomfuata, bado alikuwa akicheka.

"Umeisikia redio?" Leonardi akauliza, akijikung'uta vumbi.

"Nimeisikia. Huyo mtangazaji ana maneno! Mwanamke anaweza kusahau njia ya kwao."

"Maneno gani? Anaropoka tu."

"Usimtukane. Nitamwandikia barua."

"Utamwandikia nani?"

"Yeye. Si wewe unayefunga mfuko wa barua hapo dukani? Utamfikishia. Mkononi mwake, sawa?"

Akamkazia macho huku mdomo unachezacheza. Mwanaume mwingine angejiuliza kicheko hicho kinatoka wapi. Leonardi alijua kutunga mashine, uso wa mwanamke hakujua kuusoma. Alilala na kisirani.

Barua ya kwanza ilikuja Jumatano. Akaifungua nyuma ya ghala.

"Kwa Bwana Mtangazaji. Salamu nyingi. Sauti yako inanipa raha. Je, hapo ulipo kuna nafasi ya kunyoosha miguu? Mimi, Zita."

"Miguu!" Leonardi akafoka peke yake. "Anaulizia miguu ya mwanaume mwingine!"

Mwinjuma akaisoma, akacheka hadi kofia ikamwanguka.

"Mjibu hewani."

"Nimjibu mchumba wangu, nikiwa mwanaume mwingine?"

"Watu watajaa mpaka barabarani. Mjibu, na utamjua ni mwanamke wa namna gani."

Wivu ni mwalimu mbaya, na huyu alipata wawili: wivu na Mwinjuma. Jumamosi sanduku likasema: "Salamu kwa Zita, binti Polikarp. Miguu haijambo." Gulio likalipuka. Dar es Salaam inamjua Zita! Wanawake wakapiga vigelegele, na Zita akazungumza na redio kana kwamba ni jirani:

"Nimeshukuru, bwana!"

Barua ya pili: "Chakula unapata? Kwa shangazi kuna maharage. Usione haya, njoo ule."

Siku hiyo Leonardi alikuwa amealikwa kula kwa shangazi Agnesi. Zita akampakulia bakuli limejaa, akaketi kumtazama.

"Mtangazaji atashiba haya?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Ndiyo namuuliza," Zita akasema kwa upole.

Hapo, wasomaji wangu, Leonardi alikuwa amefunguliwa mlango wote, na bado alikaa nje ananuna. Alikula maharage yale kama makombo ya mwenzake. Moyoni alikuwa ameshakata shauri kumtega huyu mwanamke na kumwaibisha.

Jumamosi ya tatu pembe ya gramafoni ikatoa sauti nzito:

"Zita! Ninakuja kukuchukua. Lakini mimi sioi mwanamke mwenye jembe la mwanaume mwingine. Jumamosi ijayo uje hapa na baba yako. Uje na jembe la yule mbeba magunia, mkononi, watu wote waone."

Jembe hilo lina habari yake. Kwenye ukoo wa Polikarp mchumba hupeleka jembe jipya, chuma kitupu bila mpini, likawekwa juu ya dari. Baba akikataa, chuma hurudi vilevile kilivyokuja. Akikubali, hukitia mpini kwa mkono wake, na binti huenda nalo kwa mume. La Leonardi lilikuwa na miezi saba darini.

Zita alikuwa ameacha kucheka. Kiganja kilikuwa mdomoni, macho yamejaa machozi.

"Mbele ya watu wote?" aliiuliza redio.

"Wote!"

"Basi nitakuja."

Sandukuni, Leonardi aliuma kitambaa cha maua ili asipige kelele. Ilimuuma, na ilimfurahisha pia. Ndivyo ubaya unavyoanza.

Jumatano Zita alileta barua ya tatu, imegandishwa kwa uji.

"Hii asome akiwa peke yake."

"Kwa nini?"

"Anajificha sana, mwenzangu. Ana haya."

Leonardi akaitia mfukoni bila kuifungua. Hiyo aliiwekea Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Watu walikuwa wametoka mpaka Kaoze. Zita alikuja na gauni jeupe la kanisani, jembe begani. Nyuma yake alitembea Mzee Polikarp, amevaa koti la Pasaka, ameendesha baiskeli kutoka Mwazye siku mbili. Kupitia ufa wa mbao Leonardi aliliona gauni, akaliona jembe. Mpini mweupe, mpya, uliochongwa wiki ile, hakuuona. Hasira haina macho ya kutazama vitu kama hivyo.

Akalipiga sanduku teke. Mbao zikafunguka, redio ikaanguka, naye akatoka na pembe mkononi, utando wa buibui kichwani.

"Ndiye mimi!" akapiga kelele. "Mtangazaji wenu ni mimi, Leonardi mbeba magunia!"

"Nyamaza, unaniua!" Mwinjuma akalia kutoka mlangoni.

"Tazameni mwanamke! Amemwacha mchumba wake kwa ajili ya sauti ya sandukuni! Amekuja na mzigo wake, amemleta na baba yake mzazi ashuhudie umalaya wake!"

Kicheko kikaanza pembeni, kikaenea. Zita hakusogea.

"Leonardi," alisema, "barua yangu umeisoma?"

"Ndiyo ninaisoma sasa. Wote wasikie uchafu wako!"

Akaipasua bahasha, akaweka pembe mdomoni.

"Leonardi wangu wa sandukuni..."

Akaitazama barua upya.

"Endelea!" watu wakapiga kelele.

"Nilisema asome peke yake," Zita akasema. "Lakini umeanza. Malizia."

Akasoma, na pembe ikaipeleka sauti yake mpaka mwisho wa gulio:

"Nilikujua siku ya kwanza. Mashine ya kusaga ulezi inayobeba mtoto uliniahidi mimi, pale kisimani Mwazye. Nilikuwa nimekuambia naogopa kuolewa, kwa kuwa mama alifia kwenye jiwe la kusagia nami niko mgongoni mwake. Ukasema utaitengeneza. Nilipoisikia redioni nilicheka mpaka nikalia, kwani hukusahau."

Alikuwa amesahau. Uso wake ulisema hivyo, na Zita aliuona. Leonardi akaendelea kusoma:

"Sikumwambia mtu, nisikuharibie kazi. Sasa umesema nije na baba na jembe mbele ya watu wote. Nimefurahi sana. Baba ametuma neno kwamba ametia mpini. Padri atatangaza ndoa yetu Jumapili. Ila ukitoka sandukuni, nishike mkono kwanza, maana watu wengi wananitia hofu. Mimi, Zita wako."

Leonardi akashusha pembe.

"Zita..."

"Mimi nilikuwa naongea na wewe," Zita akasema. "Wiki zote hizi. Wewe ulikuwa unaongea na nani?"

"Zita, nisamehe. Shetani wa wivu..."

"Usimsingizie. Hakuwemo sandukuni."

Leonardi akapiga magoti, akamgeukia mzee.

"Shikamoo, baba. Nihurumie."

Mzee Polikarp hakuitikia. Alilichukua jembe begani kwa binti yake, akaligonga kwenye ngazi ya duka mara tatu mpaka chuma kikachomoka, akakitupa vumbini mbele ya magoti ya Leonardi. Mpini akabaki nao.

"Jembe linalorudishwa huwa halina mpini, kijana. Hukuona? Basi sasa limerudi."

Wakaondoka. Zita alitembea katikati ya watu wale wote bila wa kumshika mkono, kwa sababu baba alishika mpini huku na baiskeli huku.

Mnadhani Mwinjuma alimfukuza Leonardi? Laiti angemfukuza. Betri ilifika wiki ile, Dar es Salaam ya kweli ikasema, na watu wakaanza kuguna.

"Zima hiyo! Tunamtaka bwana wa sandukuni! Atusomee barua!"

Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Sanduku likapigiliwa misumari upya.

"Sitaki, Bwana Mwinjuma. Niue, lakini barua hiyo siisomi."

"Basi rudi kwenu ukawaeleze kwa nini huna kazi wala mke. Ingia."

Akaingia. Kila Jumamosi, miaka miwili, aliisoma kuanzia "Leonardi wangu" mpaka "Zita wako". Watoto waliikariri. Walevi waliiitikia kama litania ya kanisani.

Zita aliolewa kijijini Kate, na seremala aitwaye Zenon. Mara moja tu alirudi mjini siku ya gulio, akapita dukani kununua chumvi, mtoto mgongoni. Sanduku lilikuwa limefika kwenye mashine ya ulezi. Mtoto akaanza kulia.

"Mtangazaji!" mlevi mmoja akapaza sauti. "Mtoto wa Zita huyu hapa analia! Mashine ya kumbeba iko wapi?"

Gulio likaangua kicheko. Zita alimhamishia mtoto kifuani, akapokea chumvi yake, akasema ahsante, akaenda zake. Kwenye sanduku hakutazama.

Ndani kukawa kimya. Mwinjuma akalipiga sanduku kwa kisigino.

"Watu wanangoja. Endelea."

Leonardi akakohoa, akaweka pembe mdomoni, akaendelea.